Jinsi ya kuandika kitabu chako cha kwanza cha kujiendeleza kwa kuongozwa na misimamo yako: mwongozo kamili

Mwanza imejaa watu wenye maarifa ambayo hayajaandikwa popote. Yupo mama aliyesomesha watoto kwa dagaa wa soko la Kirumba Mwaloni, yupo fundi mitumbwi wa Igombe aliyewapa vijana wengi kazi ya mikono, yupo mwalimu mstaafu wa Magu ambaye kila Jumapili jioni ana wanandoa wawili barazani wanaosuluhishwa. Watu kama hawa wakiamua kuandika, wengi huishia kuandika kitabu cha mtu mwingine: sura ya ndoto kubwa, sura ya kuamka alfajiri, sura ya kukimbia marafiki wabaya, na katikati semi za matajiri wa Marekani. Waliyoyaishi wao yanabaki nje.

Naamini kitabu cha kujiendeleza kinaanzia kwenye jambo ambalo mwandishi alikataa kuliuza hata lilipomgharimu. Jambo hilo likishajulikana, ndilo liamue yote yanayofuata: unamwandikia nani, kisa kipi kinaingia, ushauri upi unaachwa, hata bei. Msimamo ambao hauamui chochote ndani ya kitabu ni pambo la dibaji tu.

Nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Mwandishi wetu ni dada anayefanya biashara ya dagaa Kirumba. Aliwahi kunasa kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya riba kubwa inayodaiwa mlangoni, akatoka, na sasa anataka kuwaandikia wenzake. Wewe weka jambo lako mahali pa lake, liwe malezi, ndoa, ulevi, kilimo cha pamba au kusoma ukiwa mtu mzima.

Hatua ya 1: Tafuta misimamo yako kwenye matendo

Ukimwuliza mtu misingi ya maisha yake ni ipi, atajibu haraka: uaminifu, bidii, familia, hofu ya Mungu. Hajadanganya, ila jibu hilo hilo angelitoa jirani yake, na mwenyekiti wa mtaa, na mgombea udiwani. Unachotafuta ni mahali ambapo uaminifu huo ulikutaka utoe kitu.

Nunua kaunta buku. Jipe wiki nzima, ujibu maswali haya kwa visa vilivyotokea kweli, vyenye mahali, watu, na kiasi cha pesa kama pesa ilihusika:

- Ni lini ulikataa pesa au nafasi uliyokuwa unaihitaji sana?
- Pesa ilipobaki kidogo kabisa, ulilipa nini kwanza na nini mwisho?
- Watu hukufuata kwa ushauri gani bila wewe kujitangaza?
- Ni ushauri gani unaosifiwa na wengi, lakini wewe umeuona ukiumiza watu?
- Ni jambo gani hulifichi hata ukichekwa?

Swali la pesa iliyobaki kidogo ndilo ninaloliamini kuliko mengine. Siku ambayo ada, kodi ya chumba, deni la duka, dawa ya mzazi na sadaka vimekuja pamoja, mtu hupanga foleni bila hotuba. Iandike foleni hiyo jinsi ilivyokuwa, si jinsi ambavyo ungependa ionekane. Hapo ndipo msimamo wako ulipo.

Ukimaliza, chagua miwili au mitatu tu, na kila mmoja uuandike kwa sentensi ambayo mtu mwenye akili timamu anaweza kuipinga. "Uwazi ni muhimu" haipingiki, kwa hiyo haisaidii. Dada yetu, baada ya kurudia mara kadhaa, anaweza kufika hapa: "Mkopo ambao siwezi kuutaja mbele ya mume wangu na wanakikundi wenzangu, siuchukui, hata kama ndio pekee uliopo." Wa pili: "Simshauri mtu jambo ambalo sijalifanya au sijaliona likifanywa karibu nami." Sentensi ya kwanza itamletea wabishi. Vizuri. Sentensi ya pili itamfutia nusu ya alichopanga kuandika, na hilo ni vizuri zaidi.

Hapa kuna jambo ambalo waandishi wengi hulikwepa: misimamo yako itagombana yenyewe kwa yenyewe. Dada anaamini deni lilipwe kwa wakati. Anaamini pia ndugu hatupwi. Wiki ya kulipa marejesho ikikutana na msiba Sengerema, afanyeje? Vitabu vingi vya fedha vilivyoandikwa ughaibuni humwambia ajifunze kusema hapana, kisha vinaendelea na sura inayofuata. Ushauri huo haumfikii mtu wa Kanda ya Ziwa, kwa sababu anayekosekana msibani leo ndiye atakayezika peke yake kesho, na anajua hivyo. Mwandishi anapaswa kukaa na ugomvi huo kwenye daftari mpaka apate jibu analoliishi. Pengine la dada ni hili: mchango wa harusi hutoa alichonacho, na kama hana husema hana. Msibani huenda bila kukosa, na asipokuwa na pesa huteka maji, hupika na hulala matangani. Jibu kama hilo lina thamani kuliko sura nzima kuhusu nidhamu ya fedha. Likipatikana, lizungushie duara.

Hatua ya 2: Mchague msomaji mmoja

"Kitabu hiki ni kwa kila Mtanzania" ni sentensi ya kukwepa kazi. Mchague mtu mmoja unayemfahamu, umwandike ukurasa mzima: anaamka saa ngapi, pesa humjia vipi, nani anamwamulia, anasoma akiwa wapi, anaogopa nini usiku.

Mtazame msomaji wa dada yetu kwa karibu. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na taa huvuta dagaa vizuri pakiwa na giza. Mbalamwezi ikikomaa, mitumbwi mingi hupumzika. Kwa hiyo mwezi wa mama huyu una majuma yenye pesa na majuma makavu, na mvua ikinyesha mfululizo hata majuma ya giza huharibika, kwa sababu dagaa walioanikwa hawakauki. Sasa mpe ushauri ule wa kawaida wa kuweka akiba asilimia kumi ya mshahara kila mwisho wa mwezi. Hana mshahara, na mwisho wa mwezi wa kalenda haumhusu. Kalenda yake ni ya mwezi ulioko angani. Wakopeshaji wa kausha damu wanaijua kalenda hiyo vizuri, ndiyo maana hufika katikati ya mbalamwezi.

Ukishamjua msomaji kiasi hicho, kitabu kinaanza kujipanga chenyewe. Dada ataandika kuhusu akiba ya giza kwa ajili ya mbalamwezi, jambo ambalo hakuna mwandishi wa mbali angeweza kumwandikia. Na kwa kuwa msimamo wake ni kutokopa kwa siri, msomaji wake hawi mwanamke peke yake. Ni mwanamke pamoja na mtu wa pili, mume au mwanakikundi, ambaye siku moja atasomewa kitabu hiki kwa sauti.

Hatua ya 3: Andika ahadi ya kitabu

Sentensi moja: mtu huyu, akifuata haya, ataweza kufanya jambo fulani. "Mfanyabiashara mdogo wa dagaa mwenye mikopo zaidi ya mmoja ataweza kuipanga, kuitaja nyumbani, na kuimaliza bila kukopa mwingine." Ahadi hiyo ina mipaka. Haisemi atatajirika.

Ahadi za utajiri ndani ya siku thelathini, au uponyaji wa sonona kwa kutabasamu kila asubuhi, zina wateja, na ninakuomba kwa moyo wote uziache. Anayenunua kitabu chako huenda ametoa pesa ya mboga. Kama jambo lako linagusa afya ya mwili au ya akili, andika waziwazi ni dalili zipi zinamtaka msomaji aweke kitabu chini aende hospitali.

Hatua ya 4: Kusanya visa, hesabu na ruhusa

Tenga bahasha au faili kwa kila jambo kubwa. Weka humo visa vyako, mazungumzo unayoyakumbuka, risiti, picha za daftari la madeni. Kumbukumbu hulainisha mambo, karatasi hailainishi.

Hesabu zifanye hadharani. Tuseme mkopeshaji anatoa 200,000, anataka 10,000 kila siku kwa siku 30. Kwa sikio, elfu kumi kwa siku ni ndogo. Zidisha: 300,000. Riba ni nusu ya ulichochukua, ndani ya mwezi mmoja, na siku zote za mbalamwezi zimo ndani ya hizo 30. Mwandishi akiiweka hesabu hiyo kwenye ukurasa, mstari kwa mstari, amefanya kazi kubwa kuliko mahubiri ya kurasa kumi kuhusu ubaya wa madeni.

Yale usiyoyajua kwa kuyaishi, yaulize kwa wenye kuyajua. Dada anapaswa kufahamu kwamba Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawataka wakopeshaji wawe na leseni, na kwamba Benki Kuu ina tawi hapa Mwanza ambako mtu anaweza kwenda kuuliza. Usitegemee ulichosikia kwenye daladala ya Buhongwa. Vivyo hivyo kwa nukuu: maneno mengi huzunguka mitandaoni yakiwa na picha ya Mwalimu Nyerere pembeni. Kama huwezi kuonyesha yametoka kwenye hotuba gani au kitabu gani, yaache. Aya za Biblia au Kurani zitaje kwa sura na mstari, na useme ni tafsiri ipi.

Ruhusa ni jambo zito. Visa vya watu wengine ni mali yao. Kubadilisha jina hakutoshi, kwa sababu Mwaloni kila mtu anamjua mwenzake. Ukiandika "mama mmoja muuza sangara, mjane, mwenye watoto mapacha", umeshamtaja. Nenda kwake, msomee kipande kizima, mwulize kama yuko radhi, na akikubali mwombe aandike au aweke sahihi. Akikataa, kitoe. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata bila sheria, kitabu kinachofundisha uwazi hakiwezi kuanza kwa kuanika siri ya jirani. Mume, watoto na wazazi nao waombwe. Mtoto ambaye hajafikia umri wa kuelewa ni bora abaki nje ya kitabu kabisa.

Hatua ya 5: Panga sura

Chukua vipande vya karatasi ngumu, andika jambo moja kwa kila kipande, vitandaze sakafuni. Vitapatikana vingi. Kila kimoja kiulize: hiki kinatimiza ahadi? Kinakubaliana na misimamo yangu? Nimekiishi au nimekiona? Vinavyobaki vipange kwa mafungu saba au nane. Hizo ndizo sura.

Mpangilio ufuate dharura ya msomaji. Waandishi wa mara ya kwanza hupenda kuanza na maisha yao tangu kuzaliwa. Msomaji wa dada ana mtu atakayemgongea mlango kesho saa mbili asubuhi. Sura ya kwanza impe kitu cha kufanya usiku huu: kuandika madeni yote kwenye ukurasa mmoja, jina la anayedai, kiasi, na tarehe. Historia ya mwandishi inaweza kuja sura ya tatu, msomaji akishapumua.

Ndani ya sura usifuate umbo moja kila mara. Sura moja ifunguke kwa kisa, nyingine kwa hesabu, nyingine kwa swali ambalo watu huliuliza kila siku. Kinachotakiwa kila sura ni zoezi moja linaloweza kufanywa na mtu mwenye kalamu na nusu saa. Mazoezi ya kukaa kimya dakika arobaini chumbani peke yako hayamfai mtu anayelala chumba kimoja na watoto wanne.

Hatua ya 6: Andika rasimu

Kitabu cha kwanza kikiwa na maneno 25,000 hadi 30,000 kinatosha. Kwa ukubwa wa A5 na herufi za pointi 11 hutoa kitu kama kurasa mia moja. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, rasimu huisha ndani ya miezi mitatu. Maneno 500 ni kurasa mbili tu za kaunta buku kwa mwandiko wa kawaida.

Kama mkono ni mzito, sema. Washa kinasa sauti cha simu, umweleze msomaji wako kama amekaa mbele yako, kisha uandike ulichosema. Watu wa huku ni wasimuliaji hodari wakiongea na hugeuka kuwa wanahabari wa serikali wakishika kalamu. Tazama kipande hiki:

"Nidhamu ya fedha ni nguzo muhimu sana katika kuyafikia mafanikio. Watu wengi hushindwa kwa sababu hawana malengo. Ni lazima ujifunze kujizuia na matumizi yasiyo ya lazima ili uweze kufikia uhuru wa kifedha."

Hakuna mtu ndani yake, na yeyote angeweza kuyaandika. Sasa dada huyo huyo akiongea:

"Nilikuwa na mikopo mitatu, na kila mmoja niliuwekea pesa yake kwenye kona tofauti ya kanga ili nisichanganye. Mume wangu alijua mmoja. Jioni moja wakopeshaji wawili walikutana mlangoni kwangu, wakasalimiana, na mmoja akamwuliza mwenzake, 'Na wewe unamdai?' Mume wangu alikuwa ndani, anakula. Alisikia. Hakuniuliza kitu usiku ule, na ukimya wake ulinitisha kuliko wale wawili. Ndiyo maana zoezi la sura hii unalifanya mkiwa wawili, na mnalifanya kabla ya kula."

Kipande cha pili kina msimamo wake wote ndani, bila kuutaja hata mara moja. Kina kanga, kina mlango, kina sababu ya zoezi. Ukipitia rasimu yako, kila unapokuta "ni muhimu sana", "watu wengi" au "ili kufikia mafanikio", simama hapo ujiulize ni siku gani jambo hilo lilikutokea.

Kuhusu lugha, andika Kiswahili unachokitumia kazini kwako. Neno la Kisukuma, Kikerewe au Kijita likiwa ndilo pekee linalobeba jambo, liache, na maana yake ionekane kwenye sentensi yenyewe. Ukanda huu una mfano mkubwa. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa mchapishaji, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikatoka mwaka 1980. Aliitunza miaka yote hiyo. Wewe una simu yenye kutunza nakala mtandaoni, basi itumie. Jitumie rasimu kwa baruapepe kila Ijumaa, na kurasa za kaunta buku zipige picha.

Hatua ya 7: Pitisha misimamo kwenye muswada

Rasimu ikiisha, ifungie wiki mbili usiisome. Kisha ichapishe kwenye karatasi, chukua kalamu mbili za rangi tofauti. Kwa rangi ya kwanza piga mstari chini ya kila ushauri ulioufanya mwenyewe au ulioushuhudia. Kwa rangi ya pili, ushauri uliouokota. Kurasa zilizojaa rangi ya pili ndizo za kukata au kuzitafutia ushahidi.

Halafu tafuta mahali ulipojipamba. Kila mwandishi wa kujiendeleza hufika ukurasa ambapo anajifanya mshindi asiye na jeraha. Kama deni la mwisho lililipwa na kaka yako wa Geita, sema lililipwa na kaka. Msomaji asiye na kaka wa aina hiyo anastahili kujua kwamba njia yako ilikuwa na msaada, na unadaiwa ukurasa unaomwonyesha yeye atapita wapi. Hili nalisisitiza kwa sababu ndipo vitabu hivi huumiza watu: msomaji hufuata kila hatua, hafiki, kisha hujiona yeye ndiye mbovu.

Hatua ya 8: Wape wasomaji wa majaribio

Watafute watu watano au sita. Wawili wafanane na msomaji wako, mmoja awe anayejua jambo lako kitaalamu, kwa dada labda mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa au ofisa wa mikopo. Mmoja awe mtu asiyekubaliana na msimamo wako. Mke, mume na rafiki wa karibu wataomba uchape kesho, kwa hiyo usiwategemee katika hili.

Usiwaulize kama wamekipenda. Waulize waliacha kusoma wapi, walifanya zoezi lipi, na ni sentensi gani hawakuiamini. Msomaji asiyependa kusoma msomee sura moja kwa sauti pale anapofanyia kazi, wakati dagaa wanakauka na hana haraka. Utamwona anapoangalia pembeni. Weka alama hapo.

Hatua ya 9: Uhariri

Lipia mhariri. Kama bajeti ni ndogo, mwalimu mzuri wa Kiswahili wa sekondari anaweza kusahihisha tahajia na alama za uandishi, pamoja na r na l zinazotusumbua wengi wa Kanda ya Ziwa. Mwambie mapema asiiondoe sauti yako. Arudishe masahihisho yakiwa yanaonekana, ili uamue wewe.

Hatua ya 10: Haki, namba na uchapaji

Hakimiliki ni yako tangu unapoandika. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 hailazimishi usajili ili ulindwe, na ulinzi hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Hata hivyo, sajili kazi yako COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kwa sababu mtu akiichapa bila idhini utakuwa na karatasi ya kuonyesha. Namba ya ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu yenye tarakimu 13, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kitabu cha karatasi na cha kielektroniki kila kimoja huwa na namba yake. Uliza hapo hapo utaratibu wa kuwasilisha nakala za kuhifadhiwa maktaba.

Mchapishaji akitaka kukitoa kwa gharama zake, soma mkataba wote: muda, mrabaha (sehemu yako ya mauzo), nani ana haki ya tafsiri na ya kitabu cha kusikiliza. Anayekuomba wewe ulipe ili akuchapie ni mchapaji, kwa hiyo mlinganishe na wachapaji wengine kwa bei na ubora.

Wengi wa mara ya kwanza hujichapia. Nenda kwa wachapaji watatu mjini ukiwa na maelezo yale yale: A5, kurasa ngapi (idadi igawanyike kwa nne), karatasi ya ndani gramu 70 au 80, jalada gramu 250 au 300, kubandikwa kwa gundi. Idadi ndogo huchapwa kidijitali. Ofseti, uchapaji wa mashine kubwa, huanza kuleta unafuu nakala zikiwa nyingi. Omba nakala moja ya majaribio, ifungue kabisa mpaka mgongo ulie, uzivute kurasa za katikati. Zikichomoka, tafuta mwingine. Kitabu cha dada kitashikwa na mikono yenye unyevu, kwa hiyo jalada liwekewe plastiki.

Kwenye jalada achana na picha ya mzungu aliyenyoosha mikono mlimani. Mpiga picha mmoja asubuhi moja Mwaloni anatosha.

Hatua ya 11: Bei na kuuza

Fanya hesabu kabla ya kuchapa. Mfano wa kufanyia mazoezi: nakala 200 kwa 1,000,000 ni 5,000 kila moja. Ukiuza 10,000 na duka likachukua asilimia 30, kwako hubaki 7,000, faida 2,000. Humo toa nauli, nakala za zawadi, na zile zitakazoloa. Usikope ili uchape, hasa kama umeandika kuhusu madeni. Chapa hamsini, uza, rudi kwa mchapaji.

Bei nayo ipite kwenye msimamo. Kama msomaji wako hupata pesa kwa majuma ya giza, zindua kitabu wakati wa giza, na uruhusu kikundi kinunue nakala moja kwa watu watano. Utapoteza mauzo machache, utapata wasomaji ambao kitabu kiliandikwa kwa ajili yao. Kauze palipo na watu wako: mikutano ya vikundi, makanisani na misikitini kwa idhini ya viongozi, stendi za Nyegezi na Nyamhongolo, gatini wakati abiria wa Nansio wanasubiri meli. Duka la vitabu liwe nyongeza. Nakala ya kielektroniki itasambazwa WhatsApp bila malipo punde ikimfikia wa tatu, basi anza na ya karatasi.

Ukurasa wa mwisho weka namba ya simu ya kazi, tofauti na ya nyumbani, na uwaombe wasomaji wakueleze zoezi lililowakwamia. Tenga daftari la majibu hayo. Mama akipiga kusema zoezi la sura ya kwanza lilimletea kipigo, msikilize mpaka mwisho, mwelekeze kwenye dawati la jinsia la polisi lililo karibu naye, na siku hiyo hiyo andika onyo litakaloingia juu ya zoezi hilo kwenye toleo la pili. Nakala zilizobaki ndani zibandikie karatasi yenye onyo hilo kabla hujauza nyingine.